Kompyuta Isiyojua Kusema Karibu

Jamani, leo naomba tugombane kidogo. Nimechoka na picha za mlima.

Nieleze. Kila kijana wa hapa mjini anayejifunza Linux, kitu cha kwanza anachokipamba ni ile skrini ya kuingilia, ile inayokuuliza jina na neno la siri kabla hujafika kokote. Anaweka Mlima Meru wakati wa alfajiri, au simba wa Serengeti, au gari ambalo ukoo wake wote ukichanga hauwezi kulinunua. Anapiga picha, anawatumia washkaji, washkaji wanamwaga sifa. Mimi naiangalia picha hiyohiyo, macho yananishuka hadi chini kidogo ya kilele: "Username". "Password". "Log In". Yaani mtu kakesha siku mbili akihangaika na rangi, kivuli na aina ya herufi, halafu maneno yanayosomwa na kila anayekaa kwenye kiti kile hakuyagusa. Ukimuuliza kwa nini, anashangaa. Hakujua kama yanagusika.

Kwetu mtu akifika mlangoni anapiga hodi, na aliye ndani anaitikia karibu. Mtoto wa miaka minne anajua hilo. Kompyuta imekuwa chombo pekee ndani ya nyumba kinachopigiwa hodi (unagusa kipanya, unasubiri) halafu kinakuitikia kwa lugha ambayo mwenye nyumba haitumii hata akiwa na hasira. Kama ingekuwa haiwezi Kiswahili ningenyamaza. Inaweza. Si ndiyo maana tunaisifia Linux kila siku, kwamba ipo wazi na kila mtu anaweza kuibadilisha apendavyo? Basi tumeibadilisha nini?

Na wala siongei kwa ule uzalendo wa kila Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, tukavaa vitenge, tukapiga hotuba, tarehe 8 tukarudi ofisini kuandika dokezo kwa Kiingereza. Naongea kwa sababu ya jambo nililoliona hapa Njiro, na lilihusu fedha za watu.

Kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Jina naliacha. Walipata kompyuta ya mtumba, mashine nzee yenye RAM ya GB 2, kijana mmoja wa jirani akawawekea Debian yenye Xfce. Kazi nzuri kabisa, maana Windows mpya ingekata roho mle ndani. Akafungua akaunti nne: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mama anayeandika marejesho. Kila mmoja na jina lake, kila mmoja na neno lake la siri, na daftari la hesabu kwenye LibreOffice ambalo wote wanne wanalifungua. Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro.

Wiki ya kwanza mweka hazina akaandika neno la siri huku herufi kubwa zimewashwa. Skrini ikamwambia "Incorrect password, please try again". Mama huyu anapiga hesabu ya riba kichwani haraka kuliko simu yangu, lakini Kiingereza waliachana darasa la saba. Aliona maandishi yamechomoza ghafla, akadhani ameharibu mali ya kikundi. Aliponiita alikuwa ananong'ona, kana kwamba ile mashine inasikia.

"Mwanangu, imenikataa."

"Hapana mama, haijakukataa. Inasema urudie."

"Sasa si ingesema?"

Nilikuwa nimechelewa. Wenyewe walishapata dawa: wote wanne wamehamia kwenye akaunti ya mwenyekiti, neno la siri 123456, limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye fremu ya skrini. Nikasema tutalishughulikia siku nyingine. Baada ya miezi miwili rejesho la shilingi 180,000 likawa halionekani kwenye daftari la kompyuta. Nani kalifuta? Ukiiuliza mashine inasema mwenyekiti. Kila kitu kinasema mwenyekiti, kwa sababu wote walikuwa wanaingia kama mwenyekiti. Mama wa watu alitazamwa kwa jicho la pembeni wiki tatu, kanisani, sokoni, hata kwenye msiba, mpaka risiti ilipokutwa ndani ya mkoba wa katibu. Fedha zilikuwepo muda wote. Lakini wanachama wawili walikuwa wameshajitoa, na mmoja wao hadi leo hasalimiani na mwenyekiti.

Mtaniambia kosa ni la kutumia akaunti moja. Sawa. Na kwa nini walitumia akaunti moja?

Nikisimulia hivi wajuaji wananijibu kwa kicheko. "Kiswahili cha kompyuta? Nywila? Baobonye? Puku?" Ndiyo, nayajua, na nywila hata mimi silipendi, sijawahi kukutana na mtu anayelitamka bila kuangalia pembeni kwanza. Jirani zetu Wakenya wana tarakilishi yao na wanaishi nayo salama. Lakini tazameni hila iliyopo hapo: mtu anachukua maneno matatu yaliyokosa wateja, kisha anayatumia kuizika lugha nzima. Nani kakulazimisha nywila? Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 watu wanabonyeza *150*00#, wanaulizwa kwa Kiswahili namba ya siri, wanaiingiza, hela inafika Kigoma. Muuza ndizi wa Tengeru hajawahi kucheka. Bodaboda wa Kwa Mrombo hajawahi kuomba semina. Kama namba ya siri ipo midomoni mwa kila mtu, neno la siri lina shida gani? Lugha ilishamaliza kazi yake zamani. Tuliobaki nyuma ni sisi wenye vyeti.

Halafu wala si jambo geni. Mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure kabisa, wakati Microsoft hawajatoa hata kile kifurushi chao cha Kiswahili cha Windows XP. Oktoba ya mwaka huohuo ikatoka Ubuntu ya kwanza, yenye jina la Kiafrika, kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. CD zake zilitumwa bure kwa posta mpaka huduma ile ilipofungwa mwaka 2011. Tulikuwa na jina, tulikuwa na msamiati, tulikuwa na CD mkononi. Tukafanya nini? Tukasubiri wengine waendelee.

Tatizo ni kwamba tafsiri haifanani na kisima, kwamba ukishachimba mnakata utepe na kwenda zenu. Kila toleo jipya la programu linakuja na sentensi mpya, na sentensi mpya isiyo na Kiswahili inatokea kwa Kiingereza. Mradi wa wafadhili una tarehe ya kuisha, sentensi hazina. Anatakiwa mtu mwenye jioni moja ya ziada, kila mara. Na vijana wenye hizo jioni ndio haohao niliowataja juu, wako bize na kivuli cha kitufe.

Wapo pia wazazi, na hapa Njiro mpo wengi, wanaosema tukiwapa watoto kompyuta ya Kiswahili wataachwa nyuma na dunia. Dunia ipi? Linux yenyewe ilianza Helsinki mwaka 1991, mikononi mwa mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, ambaye Kiingereza si lugha aliyonyonya nayo. Wafini wanatumia kompyuta kwa Kifini na Kiswidi, na sijasikia wakilia kuwa wameachwa. Kiingereza kinafundishwa na mwalimu, darasani, kwa vitabu. Hakuna mtoto aliyewahi kukijua kwa kukodolea macho neno "Password" miaka kumi. Kwenye sheria tumeenda mbali zaidi: mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Jaji anaruhusiwa kuhukumu kwa Kiswahili, lakini kompyuta ikitaka kukwambia "umekosea, rudia" ni lazima iombe mkalimani.

Basi tuache maneno. Niwaambie tulichofanya kwenye mashine ya akina mama, kwa sababu kila ninapoligusa suala hili hutokea mtaalamu wa kuniambia "ni kazi kubwa sana hiyo, mfumo utaharibika". Ilikuwa Jumamosi moja, na chai ilinywewa katikati.

Kwanza ujue skrini yako inaendeshwa na nani. Programu hizi ni nyingi. Ya zamani ni XDM ya mwaka 1988, mbaya kama uso wa mkopeshaji. Siku hizi wenye GNOME wana GDM, wenye KDE wana SDDM, na mashine ndogondogo nyingi zina LightDM. Ubuntu yenyewe ilitoka GDM ikaenda LightDM mwaka 2011, ikarudi GDM mwaka 2017, kwa hiyo maelekezo unayoyakuta mtandaoni yatazame tarehe kabla hujayaamini. Mashine yetu ilikuwa na LightDM, na uso wake ni ule wa GTK.

Pili, lugha. Kiswahili cha Tanzania kipo ndani ya Linux tayari, kinaitwa sw_TZ. Fungua faili la /etc/locale.gen, ondoa alama ya reli kwenye mstari wa sw_TZ, endesha locale-gen, kisha kwenye /etc/default/locale andika:

LANG=sw_TZ

Ukiwasha upya utaona tarehe imegeuka: Jumatatu, Machi, Agosti. Hapo wengi huishia, wakiona vitufe bado vya Kizungu wanasema "si nilikwambia". Subiri. Vitufe vinasoma faili lingine, la tafsiri. Kama la Kiswahili halipo au lipo nusunusu, programu inarudi kwenye Kiingereza bila aibu. Faili hilo unaliandika mwenyewe: ni maandishi ya kawaida, sentensi ya Kiingereza juu, yako chini yake.

msgid "Log In"
msgstr "Ingia"

msgid "Incorrect password, please try again"
msgstr "Neno la siri si sahihi, tafadhali rudia"

Ukimaliza unaligeuza kwa amri ya msgfmt (ipo ndani ya gettext) na kuliweka /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/ kwa jina la lightdm-gtk-greeter.mo. Basi. Huo ndio mlima mzima. Maneno machache mengine yanaletwa na PAM, kile kitengo kinachohakiki kama wewe ni wewe, kwa hiyo usishtuke ukiona neno moja limegoma. Tafsiri yake unaitafutia faili lake.

Mapambo nayo yana nafasi yake, sijakataa. Yako kwenye /etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf, chini ya [greeter]: background ni picha, font-name ni herufi, clock-format ni namna ya kuandika tarehe. Tuliongeza herufi hadi ukubwa wa 16, kwa sababu mwenyekiti ana miwani anayoisahau nyumbani, na hilo liliwafurahisha kuliko picha yoyote. Picha ikigoma kutokea, mara nyingi ni kwa sababu umeiacha ndani ya folda lako la nyumbani, ambako skrini ya kuingilia haina ruhusa ya kuchungulia. Ihamishie /usr/share/backgrounds. Na kabla hujagusa chochote, nakili faili la zamani pembeni. Ukikosea na skrini ikabaki nyeusi, bonyeza Ctrl, Alt na F2, utapata uwanja wa maandishi matupu, ingia hapo urekebishe. Usiendeshe amri ya kuwasha LightDM upya wakati mtu ana kazi wazi: inamtoa nje papo hapo na kazi yake isiyohifadhiwa inakwenda na maji.

Wenye Ubuntu na GDM msijione mmesahaulika. Fungueni /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults, na chini ya [org/gnome/login-screen] muandike:

banner-message-enable=true
banner-message-text='Karibu. Andika jina lako, kisha neno lako la siri.'

Kubadilisha picha ya nyuma kwenye GDM mara nyingi ni adhabu, kwa kawaida imefungiwa ndani ya faili la gresource kama mahari, hadi ulifumue na kulifunga tena. Mimi nashukuru. Labda itawasukuma watu waanze na maneno.

Kuna jambo lilitushinda nusu, nalo ni saa. Skrini ilikuwa inasema 14:00 na mama mweka hazina anasema ni saa nane, na wote wawili wako sahihi. Kiswahili kinahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, saa sita nyuma ya saa ya kizungu, na hakuna aliyewahi kukifundisha hilo LightDM. Kwenye terminali ujanja upo:

TZ=SAA+3 date +%I:%M

Hapo unaidanganya kompyuta kuwa iko saa tatu nyuma ya Greenwich (kwa mtindo wa POSIX alama ya kujumlisha inamaanisha nyuma, msiniulize), na kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele, tofauti inakuwa sita. Saa mbili asubuhi inaandikwa 02:00. Raha iliyoje! Lakini usithubutu kuigeuza saa ya mfumo mzima namna hiyo, kumbukumbu zote za nani kafanya nini saa ngapi zitavurugika, na kikundi hiki kilishapata somo la kumbukumbu. Tukaamua skrini ionyeshe siku na tarehe tu. Saa iko ukutani.

Suala la majina lilizua mjadala mkali kuliko vyote. Skrini inaweza kuorodhesha watumiaji wote ubofye jina lako, au ikaficha uandike mwenyewe. Kwenye LightDM ni greeter-hide-users ndani ya lightdm.conf, chini ya [Seat:*]. Kwenye GDM ni disable-user-list. Debian inaficha. Kwa mama hawa tukafichua, maana wote wanne wanajuana na kuandika jina kila mara ilikuwa kero nyingine. Ila mahali pengine msifanye hivyo. Nimewahi kufanya kazi kwenye chumba cha habari ambako kompyuta ya pamoja ilipanga majina kamili ya waandishi wote pamoja na picha zao, na mgeni yeyote aliyekalishwa pale akisubiri mhariri aliyasoma. Wenzetu wawili walikuwa wanaandika kwa majina ya kalamu, na walikuwa na sababu.

Tangu siku ile kila mama anaingia kwa jina lake na kikaratasi cha 123456 kimebanduliwa. Mweka hazina ameshakosea tena mara kadhaa, herufi kubwa zilezile, na hajaniita. Faili la tafsiri ninalo kwenye flashi. Wa Njiro, Sakina, Usa River, yeyote mwenye LightDM ya GTK aje nalo flashi yake. Halijakamilika. Kitufe cha "Restart" nimekiacha wazi kwa sababu katibu anataka "Washa upya" na mwenyekiti anasema hiyo ni ya jiko la mkaa, iwe "Anzisha upya". Wamepanga kulipigia kura kwenye kikao cha Jumamosi, baada ya marejesho.